Tuache kutafuta damu kwenye geti la hospitali

Wale mnaosubiri mwendelezo wa somo la viwavijeshi mnivumilie hadi wiki ijayo. Leo naandika jambo ambalo halimo kwenye majukumu yangu, na niseme mapema kwamba mimi siyo daktari. Nina diploma ya kilimo na mifugo. Lakini nimezunguka vijiji vya kata hii miaka tisa, na nimeona familia zikiuza mbuzi, magunia na hata kipande cha shamba la urithi kwa ajili ya tatizo lililokuwa linaonekana wazi miezi mingi kabla. Nazungumzia upungufu wa damu kwa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa na kwa mama mjamzito.

Nianze na mbuzi, maana huko ndiko ninakokujua.

Mfugaji akiniita zizini, kabla sijauliza mengi huwa namshika mbuzi kichwa na kufunua kope ya chini ya jicho. Ndani ikiwa nyekundu, sawa. Ikiwa imefifia au imekuwa nyeupe kama karatasi, najua minyoo ya tumboni imemnyonya damu. Wenzetu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano, inaitwa FAMACHA. Unailinganisha na kope ya kondoo au mbuzi, kisha unaamua nani apewe dawa na nani aachwe. Nimeifundisha kadi hiyo kwenye vijiji vyangu vyote. Wazee wanaijua, watoto wanaochunga wanaijua.

Miaka yote hiyo nilikuwa nakwenda kwa dada yangu mkubwa kila Jumapili, nakula ugali wake, na sikuwahi kumtazama kope.

Dada alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa mayoma. Siku zake zilikuwa zinachukua siku tisa au kumi, na alikuwa hatoki nyumbani bila kanga ya akiba kwenye mkoba. Akipanda kile kilima cha kutoka kisimani anapumzika mara mbili, anasema ni umri. Alikuwa na miaka 43. Tena alikuwa anatafuna pemba, ule udongo unaouzwa sokoni kwa mafungu, na mchele mbichi. Sisi tulikuwa tunamtania kwamba ana mimba ya uzeeni. Ng'ombe akianza kulamba udongo na kutafuna mifupa mimi ndiye wa kwanza kumwambia mwenye ng'ombe kwamba mnyama amepungukiwa madini, mnunulie jiwe la chumvi. Kwa dada yangu nilicheka. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili ya mwili ulioishiwa madini ya chuma.

Alipokwenda hospitali alipangiwa tarehe ya upasuaji, wiki tisa mbele. Akapewa karatasi ya tarehe na vidonge vya maumivu. Siku ile hakuna aliyempima wekundu wa damu, na hakuna aliyempa kidonge hata kimoja cha kuongeza damu. Wiki tisa alizikaa nyumbani, anavuja damu, anasubiri tarehe kama mtu anayesubiri treni. Siku ya kulazwa ndipo wakapima. Ilikuwa 6.1. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kawaida inaanzia 12. Mtaalamu wa usingizi akakataa kumpokea chumba cha upasuaji, na alikuwa sahihi kabisa.

Shemeji akanipigia simu saa nne usiku: "Shemeji, wanataka watu watatu wa kuchangia damu, kesho asubuhi."

Tulikwenda watano. Mmoja alikuwa na kilo 46, akarudishwa, maana zinatakiwa zisipungue 50. Mwingine alikuwa kwenye dawa. Kijana wa baba mdogo aliposikia kwamba damu inapimwa na VVU, alisema anakwenda kununua vocha na hatukumwona tena siku hiyo. Tukabaki wawili. Nje ya geti palikuwa na vijana waliojua kabisa kwa nini tunazunguka pale na nyuso zile. Mmoja akamnong'oneza shemeji kwamba yeye ni kundi O, apewe tu "ya soda". Damu haiuzwi nchini kwetu. Na mtu anayetoa damu kwa sababu ana njaa, ana kila sababu ya kuficha ugonjwa alionao. Shemeji alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Nilimzuia, lakini sikuweza kumlaumu.

Dada akaongezewa chupa mbili, akafika 8.3. Sisi tulidhani kesho yake anapasuliwa. Akaja daktari mwingine, kijana kuliko mimi, akasoma faili lote akiwa amesimama, akatuambia: "Huyu mama hajapata ajali. Ana muda, na muda huo tuutumie." Akampa dawa ya kusimamisha hedhi na vidonge vya madini ya chuma, akamwandikia arudi kupimwa baada ya wiki tatu, kisha tena. Wiki ya saba alikuwa 11.2. Akapasuliwa, na haikutumika hata chupa moja ya damu.

Sasa piga hesabu hapo, ndugu msomaji. Zile wiki saba zilizompandisha dada zilikuwa pungufu ya wiki tisa alizokaa mwanzo bure. Kama siku ya kupangiwa tarehe angepimwa na kuanzishiwa dawa, mbuzi wanne na magunia sita ya mahindi tuliyouza kwa bei ya kutupa mwezi wa sita yangekuwa bado yapo. Na zile chupa mbili angepewa mtu aliyegongwa na pikipiki, ambaye yeye hakupewa wiki hata moja ya kujiandaa.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo. Damu ya kuongezewa ni ya dharura. Upungufu wa damu unaojulikana miezi miwili kabla siyo dharura, ni kazi ambayo haikufanywa. Hospitali ina sehemu yake ya lawama: tarehe ya upasuaji usio wa haraka isiandikwe bila kipimo cha wekundu wa damu kuandikwa pembeni yake. Siyo wazo langu la kijijini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitoa waraka wa kuzihimiza nchi zitunze damu ya mgonjwa mwenyewe kabla ya kukimbilia ya mtu mwingine: tibu upungufu mapema, punguza damu inayopotea wakati wa upasuaji, ongeza damu pale tu inapohitajika kweli. Sisi nyumbani nasi tuna sehemu yetu. Ukipewa tarehe, uliza hapohapo: "Daktari, wekundu wangu wa damu ni ngapi, na unatosha kwa upasuaji huu?" Ukiambiwa hautoshi, uliza cha pili: kwa nini umepungua? Maana siyo kila upungufu ni wa chuma. Wapo wenye selimundu, wapo wenye ugonjwa wa figo, wapo wanaovuja damu tumboni bila kujua. Kununua vidonge duka la dawa bila kipimo ni sawa na kumwaga mbolea ya kukuzia kwenye mahindi ambayo shida yake ni funza.

Kwa mama mjamzito mambo ni mazito zaidi, kwa sababu tarehe yake haiahirishwi na mtu.

Mjamzito anahesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 11, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Usidhani ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa hapa nchini wana upungufu wa damu, na kwa wajawazito peke yao hali ilikuwa mbaya zaidi, wanavuka nusu. Kwa hiyo kwenye kikundi chako cha VICOBA chenye akina mama ishirini, hesabu mwenyewe.

Mwaka juzi kwenye kikundi chetu cha alizeti alifariki mama mmoja, siku aliyojifungua mtoto wake wa nne. Alijifungua salama, kwenye zahanati, kisha damu ikaendelea kutoka. Zahanati haina benki ya damu. Gari lilipopatikana na kufika kunakohusika alikuwa ameshachelewa. Msibani mama mkwe wake alitoa kadi ya kliniki kuitafuta tarehe, nikaiona. Mwezi wa tano wa ujauzito ilikuwa imeandikwa 8.2. Kalamu ya bluu, inasomeka vizuri. Mume wake alikuwa hajawahi kuifungua kadi ile. Na vidonge alivyopewa vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, karibu vyote. Vilikuwa vinamtapisha, na alivyoona choo kimekuwa cheusi aliogopa akaacha, bila kumwambia mtu.

Naandika hili kwa sababu lingezungumzika kwa dakika tano. Choo kuwa cheusi kwa vidonge vya chuma ni kawaida. Vikikuchefua, meza usiku unapokwenda kulala, ukiwa umekula kidogo. Tumbo likikataa kabisa usiviache kimyakimya, rudi umwambie muuguzi; kuna watu wanabadilishiwa aina, kuna wanaoambiwa wameze siku moja waruke moja, na kwa mimba iliyosogea au tumbo lililokataa kabisa kuna chuma cha kuwekwa kwa dripu mshipani, kwenye hospitali zinazokuwa nacho. Usimeze na chai wala maziwa. Meza na maji, ukipata chungwa au maji ya ndimu ni bora zaidi. Na usiache siku unayojisikia nafuu. Damu hupanda kwanza, ghala la chuma mwilini hujaa baadaye, kwa hiyo huwa wanataka uendelee kama miezi mitatu hata baada ya kipimo kuwa kizuri.

Wapo wanaoniambia siku hizi kuna dawa za kisasa za kuzuia damu. Zipo, na zinaokoa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 20,000 kwenye nchi 21, yakaonyesha dawa inayoitwa asidi ya traneksami inapunguza vifo vinavyotokana na kuvuja damu kwa mama ambaye ameshaanza kuvuja baada ya kuzaa, hasa akipewa ndani ya saa tatu. Lakini watafiti haohao wakaja na swali jingine: je, tukiwapa mapema wale wanaoingia kujifungua wakiwa tayari na upungufu wa damu? Wakachukua zaidi ya wanawake 15,000 wa Pakistan, Nigeria, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Matokeo ya 2023: haikupunguza idadi ya waliovuja damu kupita kiasi. Kilichoonekana wazi ni kwamba kadiri mama alivyoingia na damu kidogo, ndivyo alivyokuwa hatarini zaidi kuvuja, na walioingia na upungufu mkali ndio waliokufa au kuponea chupuchupu zaidi. Muuguzi niliyesoma naye sekondari ndiye aliyenieleza habari hii, akamalizia: "Kaka, ile miezi minne aliyokaa na 8, hakuna sindano ya kuirudisha usiku mmoja."

Tuje kwenye chakula, hapo nina haki kidogo ya kusema.

Nalipwa kuhimiza bustani za mboga, na nitaendelea kuzihimiza. Lakini juisi ya rozela, juisi ya bitiruti, juisi ya majani ya matembele, na soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa, haziwezi kumtoa mama kwenye 7 zikampeleka 11 kabla ya kujifungua. Rangi nyekundu siyo damu. Chuma cha mboga za majani kipo, ila mwili unakichukua kidogo sana. Kinachochukuliwa vizuri ni cha nyama, ini, samaki, dagaa. Kwa mboga na maharage, weka ndimu, nyanya au embe pembeni, na chai isogezwe mbali na chakula angalau saa moja au mbili. Kwenye kata yangu hili la chai ndilo gumu kuliko yote. Watu wako tayari kuacha pombe kuliko chai ya mchana. Ini nalo, kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo, lisiliwe kila siku, lina vitamini A nyingi mno.

Kuhusu maharage lishe, yale yenye chuma na zinki nyingi ambayo watafiti wetu wa TARI wanayasambaza: Rwanda walijaribu kuwalisha wanafunzi wa kike wa chuo kule Huye maharage ya aina hiyo kwa siku 128, na hali yao ya chuma ikawa bora kuliko ya waliokula maharage ya kawaida. Damu ilipanda, ila kwa kiasi kidogo. Hivyo ndivyo chakula kinavyofanya kazi, polepole, kwa msichana kabla hajabeba mimba. Panda maharage hayo kwa ajili ya binti yako wa kidato cha pili. Mama mwenye 7 sasa hivi mpeleke kituo cha afya.

Na buti. Minyoo ya safura inaingia kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kisha inakaa kwenye utumbo inanyonya damu kidogokidogo. Bustani zetu za bondeni ni mahali pake. Viatu, choo, dawa ya minyoo kama kliniki wanavyoelekeza, chandarua, na zile dozi za SP, vyote hivyo ni sehemu ya kulinda damu hiyohiyo.

Kuna tabia nyingine naomba tuiache, ya ndugu kumganda daktari "muongezeeni hata chupa moja apate nguvu". Chupa moja inapandisha kama gramu moja tu, na siyo uji wa lishe. Mtu aliyeishi na damu kidogo kwa miezi, moyo wake umeshachoka. Ukimjaza haraka, maji yanaweza kufurika kwenye mapafu. Mwili unaweza kuikataa damu hata ikiwa imepimwa vizuri. Ukimwuguza mtu anayeongezewa, hakikisha jina kwenye chupa ni lake, na akianza kutetemeka, kuwashwa, kuumwa kiuno au kukosa pumzi, usisubiri zamu ibadilike, mwite muuguzi palepale. Halafu mama mwenye kundi hasi la Resasi, kama O hasi, alijue mapema. Akijifungua mtoto mwenye kundi chanya, kuna sindano anatakiwa apate ndani ya saa 72 ili mimba ijayo isipate shida.

Pamoja na maandalizi yote, damu bado itahitajika. Kizazi kinaweza kupasuka kwa mama mwenye 13. Kwa hiyo ghala la damu lazima liwe na kitu, na hapa ndipo sisi wakulima tunapokosea. Tunachangia mgonjwa akiwa wa kwetu, baada ya hapo basi. Wachangiaji wa hiari wengi ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa benki inayumba. Damu nayo haikai kama mahindi kwenye mifuko ya kinga njaa. Chembe nyekundu zinahifadhiwa kwenye ubaridi siku 35, kwa mifuko mingine 42, basi zinamwagwa. Kijiji kizima kikichangia siku moja kwa mwaka ni vizuri kwa picha, ila mwezi wa pili unaofuata ghala ni tupu. Inatakiwa zamu. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Umri miaka 18 hadi 65, kilo zisipungue 50, na wao wenyewe wanakupima kwanza kama damu yako inatosha. Wanapima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Yule kijana wa baba mdogo, kwa taarifa yenu, alirudi kwa hiari yake miezi minne baadaye, akapima, yuko mzima, na sasa ameshachangia mara mbili.

Kwenye ratiba yangu ya ugani ya mwaka huu nimeingiza zamu tatu za kuchangia damu, pembeni ya siku za shamba darasa. Mkubwa wangu wa kazi aliuliza hii inahusiana nini na kilimo. Nikamwambia palizi ya mwezi wa kwanza kwenye kata hii inafanywa na akina mama, wengi wao wana mimba. Akasaini.

Zamu ya kwanza ni wiki moja baada ya Nane Nane, uwanja wa ofisi ya kata, kuanzia saa tatu asubuhi. Timu ya Damu Salama imeshakubali kuja. Usije na njaa, kunywa maji ya kutosha tangu asubuhi, na kama ulikunywa pombe usiku subiri zamu inayofuata. Dada yangu atakuwepo na sufuria ya uji kwa watakaomaliza kuchangia. Akina baba mnaosubiri mtoto, njooni na kadi ya kliniki. Yule muuguzi atakuwa na meza yake chini ya mwembe na atakusomea kilichoandikwa.